Chale ya Ankole na udaku wa London: kisa cha Stanley ambacho Mbarara haijakisimulia

Februari 2025 Mahakama Kuu ya Uganda iliiamuru mamlaka ya jiji la Kampala iyaondoe majina ya wakoloni barabarani na mahali pengine pa umma. Waliodai hatua hiyo kwa miaka mingi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kibao kikishang'olewa, kisa cha mtu aliyeandikwa juu yake hubaki bila msimulizi. Sisi wa magharibi mwa nchi tuna kisa kimoja cha namna hiyo, na kwa zaidi ya miaka 130 tumewaachia wengine wakisimulie.

Ni kisa cha Henry Morton Stanley. Mtoto wa shule humjua kwa Ujiji na Livingstone, basi. Ni wachache Mbarara, Isingiro na kambi ya wakimbizi ya Nakivale wanaojua kwamba Julai 1889 mtu huyo alipita katika nchi hii ya Ankole akiongoza msafara mkubwa, akachanjiana na kijana wa ukoo wa kifalme wa Nkore, kisha akavuka Mto Kagera kuingia Karagwe. Mwaka mmoja baadaye, magazeti ya London yakiwa yamejaa harusi yake, maradhi yake ya tumbo na ugomvi wake na jamaa za maafisa wake marehemu, chale ile ilikuwa imekwisha kuhesabiwa miongoni mwa mikataba.

Makala haya yameegemea vitabu viwili. Cha kwanza ni historia ya ufalme wa Nkore aliyoiandika Samwiri Karugire, iliyochapishwa mwaka 1971. Cha pili ni wasifu wa Stanley ulioandikwa na Tim Jeal na kutoka mwaka 2007, baada ya mwandishi huyo kuzisoma shajara na barua zilizohifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Karugire anatazama mambo akiwa upande wa Mugabe (mfalme) Ntare V. Jeal anamtazama Stanley kwa huruma, kama mtu aliyeumizwa tangu utotoni na aliyejiharibia sifa kwa kalamu yake mwenyewe. Ukivisoma pamoja, unaona kile ambacho magazeti ya wakati ule hayakutaka kukitazama.

Kwanza, magazeti yenyewe. Uingereza ilifuta kodi ya stempu ya magazeti mwaka 1855, na gazeti la peni moja likazaliwa. Gazeti la bei rahisi haliwezi kuishi bila wasomaji wengi, na wasomaji wengi hawashibi hotuba za bunge. Wahariri wakagundua kwamba mwandishi wa vitabu huuza kuliko vitabu vyake: anaishi wapi, anakula na nani, amemwacha nani. Juni 1858 Charles Dickens, aliyekuwa maarufu kuliko mwandishi yeyote wa nchi hiyo, alilazimika kutoa tangazo katika The Times na katika jarida lake mwenyewe kuhusu kutengana na mkewe Catherine, aliyemzalia watoto kumi, kwa sababu uvumi ulikuwa umemzidi nguvu. Mwaka huo huo mwandishi kijana aitwaye Edmund Yates alifukuzwa katika klabu ya Garrick kwa kuandika umbeya juu ya mwandishi mwenzake Thackeray. Yates hakukoma. Baadaye alianzisha gazeti la The World, lililotembelea watu mashuhuri majumbani kwao na kueleza hadi viti vya sebuleni, na mwaka 1885 alifungwa jela kwa kashfa aliyoichapisha. Wanaodhani magazeti ya udaku yalianzia Dar es Salaam au Kampala wamechelewa sana.

Stanley alikuwa mtoto wa soko hilo. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa, akalelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Alikimbilia Marekani, akajipa jina jipya na uraia mpya wa kubuni, akawa mwandishi wa New York Herald. Aliporudi Uingereza mwaka 1872 akitoka Ujiji, wengine walidai kwamba barua za Livingstone alizozileta ni za kughushi, mpaka familia ya Livingstone ikathibitisha mwandiko. Magazeti ya Wales yakafukua kwao na mama yake. Agosti mwaka huo The Sun la New York lilimpa nafasi Lewis Noe, aliyewahi kusafiri naye Uturuki, amwite mwongo na mghushi. Stanley alijibu kwa kukana asili yake, na kila alipokana, magazeti yalipata habari nyingine. Jeal anaamini hata ile salamu maarufu ya Ujiji aliitunga baadaye. Ukurasa wa shajara wa siku hiyo umechanwa.

Mwaka 1875 alikuwa kwa Kabaka Mutesa. Barua yake ya kuomba wamisionari waje Buganda ilichapishwa katika Daily Telegraph Novemba mwaka huo, na wamisionari wa kwanza wa Kianglikana wakafika mwaka 1877. Hayo yamo katika kila kitabu cha shule. Kinachosahaulika ni kwamba alimwacha Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni ya Zanzibar, amfundishe Mutesa Injili kwa Kiswahili.

Sasa tuje kwetu.

Msafara ulioingia Ankole Julai 1889 ulikuwa, kwa sehemu kubwa, msafara wa wakimbizi. Emin Pasha, gavana Mjerumani wa jimbo la Ekwatoria, alikuwa amekatiwa njia na vita vya Mahdi baada ya Khartoum kuanguka mwaka 1885. Stanley alitumwa kumwokoa kwa fedha zilizochangishwa na William Mackinnon, mwenye meli na mwenye Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Watu wapatao 1,500 waliondoka kando ya Ziwa Albert Aprili 1889: Wazanzibari waliochukua mizigo, Wamanyema, askari wa Kisudani na Kimisri, makarani, wake zao, watoto wa kubebwa mgongoni. Wengi walikuwa wagonjwa wa homa. Mtu wa Nakivale leo angeijua sura ya msafara ule mara moja: mama mwenye furushi kichwani, mtoto mkononi, asiyejua atalala wapi.

Wala hawakuwa wakimbizi wa kwanza kupita hapa. Oktoba 1888 Wakristo wa Buganda waliopinduliwa walikimbilia Kabula, katika nchi ya Ntare, naye akawapa hifadhi. Wajumbe wao, Samwili na Zakaria, walimfuata Stanley kambini Ankole wakimwomba awasaidie kumrudisha Kabaka Mwanga. Aliwasikiliza, akakataa. Watu wanaosema desturi ya kupokea wageni nchi hii ilianza na Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 wangetazama nyuma miaka 70 zaidi.

Ntare hakutoka kumwona Stanley. Karugire analikazia jambo hilo, na nadhani ana haki. Mugabe alikuwa na habari za kutosha kuhusu wageni hawa, na pia alikuwa na sababu ya kutowafukuza: njiani, huko kwenye maziwa ya chumvi ya Katwe, msafara ulikuwa umewatimua Warasura, askari wa Kabarega wa Bunyoro, ambao walikuwa mwiba kwa Ankole. Kwa hiyo alituma kijana wa ukoo wake, Buchunku, ambaye Stanley anamwandika "Uchunku" na kumkadiria miaka 13 au 14.

Sherehe yenyewe Stanley ameieleza kwa makini. Zulia la Kiajemi lilitandikwa chini. Yeye na kijana waliketi wakikunja miguu, mikono yao ya kushoto ikishikana juu ya magoti. Wajuzi wa kazi hiyo walisogea, kila mmoja akamchanja mtu wake mkononi. Wakachukua siagi kidogo juu ya majani mawili, wakaichanganya na damu, wakabadilishana majani, kisha wakawapaka wote wawili kwenye paji la uso. Stanley, aliyewahi kuchanjiana Kongo kwa kuonjeshwa damu, aliandika kwa shukrani kwamba desturi ya hapa ina adabu zaidi. Siagi, tena, katika nchi ya ng'ombe! Anayejua nafasi ya siagi katika nyumba ya Munyankore, kuanzia kwa bibi harusi hadi kwa mgeni wa heshima, anaelewa kwamba wenyeji walimpa kitu cha thamani.

Baada ya hapo Stanley alimfyatulia kijana bunduki ya Maxim, mashine mpya ambayo Hiram Maxim mwenyewe aliutolea msafara zawadi. Buchunku alistaajabu kuona vumbi likitimka mbali. Zawadi zikabadilishwa, na msafara ukashuka kusini hadi Kagera.

Hakuna mahali katika maelezo hayo ambapo mtu anatoa nchi. Watu wa Nkore walijua undugu wa kuchanjiana ni nini: kusaidiana, kutodhuriana, kupeana njia. Ni mkataba kati ya watu wawili na jamaa zao. Lakini Stanley alipofika Ulaya, ahadi za namna hii alizozikusanya njiani zilikabidhiwa Kampuni ya Mackinnon kama haki zake juu ya ardhi.

Stanley alifika Bagamoyo Desemba 1889, na Januari 1890 alijifungia katika nyumba moja Cairo kuandika. Mchapishaji wake, Edward Marston, alimfuata huko na baadaye akachapisha kijitabu kizima kueleza namna kitabu kilivyoandikwa: siku 50, kurasa 903 za mkono, mlango umefungwa, watu mashuhuri wakirudishwa barazani. Fikiria hilo. Kabla kitabu hakijasomwa, kulikuwa na soko la kitabu kuhusu kitabu. In Darkest Africa, majuzuu mawili, kilitoka mwisho wa Juni 1890 katika lugha kadhaa kwa pamoja, na nakala zake za Kiingereza zilizouzwa zinakadiriwa 150,000. Jarida la The Graphic lilitoa toleo maalumu juu yake. Kampuni ya chai ilichora tangazo likimwonyesha Stanley na Emin hemani wakisahau taabu zao kwa kikombe cha chai yake. Wauza sabuni, mahema na dawa walimtumia vilevile.

Halafu harusi. Julai 12, 1890, katika kanisa la Westminster Abbey, Stanley alimwoa mchoraji Dorothy Tennant. Tumbo lilikuwa limemshika vibaya hata ikabidi aketi kwenye kiti katikati ya ibada, na bibi harusi akaweka shada la maua juu ya kaburi la Livingstone. Magazeti yalieleza gauni, wageni, uso wa bwana harusi uliosawijika. Zilikuwa zimepita siku 11 tu tangu Julai 1, siku ambayo Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano ya kugawana Afrika Mashariki. Mwezi Mei na Juni Stanley alikuwa ametumia umaarufu wake jukwaani kuisukuma serikali ya Lord Salisbury isiwaachie Wajerumani nchi alizopita. Mapatano yalichora mpaka kwenye latitudo ya digrii 1 kusini, Ankole ikawa upande wa Waingereza. Yaliweka hata kifungu cha pekee kuhusu Mlima Mfumbiro, kwamba ukionekana uko kusini ya mstari, mstari upindwe ili usiwe wa Wajerumani, kwa sababu Stanley alidai haki huko. Mlima huo hakuwahi kuufikia. Aliuona kwa mbali.

Kitabu, mpaka na harusi vilitoka ndani ya wiki mbili. Nimekuwa nikiyarudia mawazoni yale ambayo wasomaji wa London walikuwa wakiyaulizia majuma hayo, na naona uchungu.

Ilipofika vuli, kelele ilikuwa nyingine kabisa: ugomvi wa Kikosi cha Nyuma. Hapa ndipo udaku ulipofika kileleni, na ndipo pia ulipoonyesha unamtazama nani na unampuuza nani.

Mwaka 1887 Stanley aliacha sehemu ya msafara Yambuya, kwenye Mto Aruwimi, chini ya Meja Edmund Barttelot, wakisubiri wapagazi walioahidiwa na mfanyabiashara Tippu Tip. Kambi ikageuka kaburi. Watu walikufa kwa njaa, kwa mihogo iliyotayarishwa vibaya, kwa viboko. Julai 1888 Barttelot alitoka alfajiri kumnyamazisha mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma, na mumewe, Mmanyema aitwaye Sanga, akampiga risasi akafa. James Sligo Jameson, wa ukoo wa watengenezaji wiski wa Ireland, aliyelipa pauni 1,000 ili aruhusiwe kujiunga, alikufa kwa homa mwezi uliofuata.

Maafisa wote walikuwa wametia saini kwamba hawatachapisha neno lolote mpaka miezi sita ipite baada ya kitabu cha kiongozi. Wafu hawafungwi na mkataba. Kaka yake Barttelot alichapisha shajara na barua za marehemu vuli ya 1890, akimlaumu Stanley kwa kuwatelekeza. Mjane wa Jameson akachapisha za mumewe. Troup naye, aliyenusurika, akatoa chake. Stanley alikuwa Marekani kwenye ziara ya mihadhara iliyoandaliwa na Meja Pond. Alijibu kwa kufungua mambo ambayo kitabu chake kilikuwa kimeyafunika, na Novemba The Times likayamwaga: ukatili wa Barttelot, na kiapo cha mkalimani Msiria, Assad Farran, kwamba huko Riba Riba, mji wa Mto Lualaba unaoitwa leo Lokandu, Jameson alitoa leso sita ili msichana mdogo auawe na kuliwa mbele yake, huku yeye akichora.

Barua ziliendelea wiki baada ya wiki. Farran alisingiziwa, Farran alitetewa. Bonny, mmoja wa watu wa Kikosi hicho, alitoa ushahidi. Mjane alilia gazetini. Jameson mwenyewe, katika maandishi aliyoyaacha, alikiri leso sita, akasema alidhani ni mzaha, na kwamba picha alizichora baadaye. Waingereza walibishana kama muungwana anaweza kufanya hivyo. Msichana hatajwi jina. Mama yake wala kijiji chake hakuna aliyekiulizia. Wakongo wengi wanaoishi leo Nakivale, katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, wametoka mashariki mwa nchi hiyo hiyo, na wanaijua vizuri habari inayoandikwa juu ya nchi yao bila jina la mtu wao hata mmoja.

Jeal anaeleza ugomvi huu kama msiba wa Stanley: mtu aliyefika kileleni Julai akashushwa Novemba. Ni kweli sifa yake haikupona kabisa. Lakini msiba wa Stanley ulikuwa pazia. Yote yaliyobishaniwa yalihusu heshima ya Waingereza kati yao. Damu na siagi ya Ankole haikuleta barua hata moja iliyokumbukwa.

Mmoja wa waliosengenywa alijibu, tena kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye Stanley alimfungulia kesi Zanzibar akidai kavunja mkataba, alisimulia maisha yake mwenyewe, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Humo Stanley ni mtu wa ahadi kubwa, aliyesaidiwa kisha akatuma picha yake mwenyewe kuwa shukrani. Tippu Tip hakuwa malaika. Alijitajirisha kwa pembe na kwa watumwa. Lakini aliacha upande wake umeandikwa. Apolo Kagwa, waziri mkuu wa Buganda, aliifanyia nchi yake hivyo mwaka 1901. Buchunku hakuacha kitu.

Yaliyofuata yanajulikana. Kapteni Lugard wa Kampuni ya Mackinnon alipita mwaka 1891 na mkataba mwingine, wa tatu ukafuata 1894, Ntare akafa 1895 baada ya sotoka kumaliza ng'ombe, kituo cha Mbarara kikaanzishwa mwisho wa miaka ya 1890, na Mapatano ya Ankole yakatiwa saini 1901. Ufalme ulifutwa mwaka 1967, na falme nyingine ziliporudishwa 1993, wa Ankole haukurudi. Jina la Ntare limebaki kwenye shule.

Wenzetu wa Denbigh walimsimamishia Stanley sanamu ya shaba mwaka 2011, wakagombana juu yake, na Oktoba 2021 wakapiga kura: 471 ibaki, 121 iondolewe. Walau walipiga kura. Mbarara, jiji tangu 2020, haina hata jiwe linalosema msafara ule ulipita nchi hii. Majengo ya Kamukuzi, yaliyokuwa ikulu ya Mugabe, yanazidi kuchakaa huku mabishano juu ya ufalme yakiendelea. Bila Kituo cha Utamaduni cha Igongo pale Biharwe, kilichojengwa kwa juhudi za mtu binafsi, mtoto wa Mbarara angeliishi na kukua asione chombo cha maziwa cha babu zake mahali pa heshima.

Kuondoa majina ni sawa. Ila kazi hiyo haitakamilika mpaka upande wetu uandikwe, na hii si kazi ya mabilioni. Stanley alikufa mwaka 1904. Kitabu chake hakina haki miliki tena, mtu yeyote anaweza kukichapisha. Sura za Ankole ni chache tu. Chuo Kikuu cha Mbarara kina wanafunzi wanaojua Kiingereza, Runyankore na Kiswahili kwa pamoja, Nakivale ina walimu wa Kiswahili wasio na vitabu, na wazee wa koo za Nkore bado wapo. Zitafsiriwe sura hizo kwa Runyankore na kwa Kiswahili, zichapishwe pamoja na masimulizi ya wazee kuhusu Ntare na Buchunku, na nakala zipelekwe katika shule za Isingiro, za wenyeji na za wakimbizi sawasawa. Wakuu wa elimu wa wilaya na wa jiji, ombi hili ni lenu.